Taarifa huria na ujasiriamali bunifu: maana yake kwa kijana wa Dodoma

Taarifa huria ni ile ambayo mtu yeyote anaweza kuipata, kuisoma na kuitumia tena katika kazi zake, bila kumbembeleza mtu na bila kununua ruhusa. Wengi tukisikia hivyo mawazo yanakwenda kwenye bando la bure au Wi-Fi ya chuo. Bando linakufikisha mlangoni tu. Kama ndani kumefungwa, umepoteza MB zako.

Chukua mikopo ya halmashauri. Kisheria halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hakuna aliyeificha habari hii. Lakini tangazo likibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata hadi jua la Dodoma likafuta wino wa muhuri, atakayelisoma ni yule aliyekuja kufuata barua ya mtendaji. Likirushwa WhatsApp kama picha iliyopigwa kwa simu, pembe moja imekatika, huwezi hata kutafuta neno ndani yake. Limetangazwa, sawa, ila huria halijawa.

Ujasiriamali bunifu nao ni biashara inayouza wazo kuliko malighafi: nembo, mshono, muziki, programu ya simu, au njia mpya ya kufungasha kitu cha zamani. Zabibu za hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukichanganya bei inadondoka. Anayeuza mbichi kwenye beseni anaumia pamoja na wenzake wote. Anayekausha, akaweka kwenye pakiti ndogo yenye lebo ya kuvutia, ana pa kupumulia. Huyu wa pili anahitaji taarifa kuliko mtaji wa kwanza (najua watakaobisha): aina ipi ya zabibu inafaa kukaushwa, jambo ambalo watafiti wa TARI Makutupora (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) wanalifahamu, viwango vya ubora vinasemaje, na wateja wako wapi. Hilo la mwisho lina jibu la bure. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, imechapisha matokeo ya Sensa ya 2022. Mkoa una watu 3,085,625, na hesabu zinashuka hadi ngazi ya kata. Kijana mwenye simu anaweza kulinganisha kata moja na nyingine kabla hajalipia fremu.

Huria si mali isiyo na mwenyewe. Tuseme unachapa fulana, na umekuta mtandaoni picha ya michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kama mpiga picha ameiweka kwa leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ya kutumia kazi yake kwa masharti aliyoyachagua, soma ni ipi. Leseni hizo zilianza kutolewa mwaka 2002 na zinatofautiana: nyingine inadai utaje jina lake tu, nyingine inataka kazi yako nayo uiachie kwa masharti yaleyale, nyingine inakataza biashara kabisa. Hiyo ya mwisho ukiiweka kwenye fulana ya kuuza, umevunja masharti hata kama picha uliipakua bure.

Taarifa ikiwa imelala kwenye faili la ofisi ya umma, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuiomba, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Omba kitu kinachotajika. “Naomba taarifa za fursa kwa vijana” itakuletea kipeperushi. “Naomba aina za shughuli za vikundi vya vijana vilivyokopeshwa mwaka jana na kiasi ambacho kila kikundi kilipata” inamlazimu afisa afungue faili.