Je, wajua mkia wa kiluwiluwi huenda wapi anapogeuka chura?

Waulize watoto swali hili na wengi watajibu kwamba mkia hukatika na kudondoka majini. Wana sababu ya kufikiri hivyo: meno yao ya utotoni hung'oka, na mjusi huachia mkia akikamatwa. Lakini chunguza kidimbwi chenye viluwiluwi kwa msimu mzima na hutaokota mkia hata mmoja. Mkia haukatiki. Mwili wa kiluwiluwi huuvunjavunja kutoka ndani, kisha hutumia mabaki yake kama chakula.

Kinachowapotosha watoto, kwa maoni yangu, ni ile michoro ya duara ya vitabuni: mayai, kiluwiluwi, kiluwiluwi mwenye miguu, chura, na mishale katikati. Mambo makubwa yote hutokea ndani ya mishale. Mtoto anayekariri hatua nne atafaulu mtihani, lakini mtoto aliyeona mkia ukipungua mbele ya macho yake atakuja na maswali ambayo hata mwalimu hakuyatarajia.

Mahali bora pa kuanzia ni kidimbwini penyewe, mtu mzima akiwa karibu muda wote. Mayai ya chura wengi huwa bonge la ute angavu, na ya aina zenye ngozi kavu ya vipele mara nyingi huwa mikufu mirefu iliyojizungusha kwenye majani ya majini. Ute huo hupitisha mwanga, kwa hiyo kwa lenzi ya mkono mtoto huona kitone cheusi kikirefuka siku hadi siku na kuanza kujipindapinda.

Ukitaka kufuatilia nyumbani au darasani, na kama sheria za mahali ulipo zinaruhusu, chukua viluwiluwi wachache tu, watano au sita, pamoja na maji ya kidimbwi kilekile. Tumia beseni pana lisilo na kina kirefu, liwekwe kivulini. Maji ya bomba yenye klorini huua, basi yakihitajika yaache wazi siku nzima kabla ya kuongeza. Chakula ni mwani, au kipande kidogo cha jani la mboga lililochemshwa. Kikizidi huoza na kuharibu maji. Mikono iwe safi, isiyo na sabuni wala dawa ya mbu, kwa kuwa ngozi ya wanyama hawa hufyonza karibu kila kitu. Baada ya kazi watoto wanawe vizuri, maana chura wanaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Sasa mpe mtoto kazi ya kweli. Weka kiluwiluwi kwa muda mfupi kwenye chombo cha kioo chenye maji, chini yake karatasi ya miraba, ahesabu mkia unafunika miraba mingapi, achore, aandike tarehe. Amtazame pia tumboni. Katika aina nyingi utumbo huonekana kupitia ngozi, umejiviringa kama kamba iliyokunjwa, kwa sababu mla mwani anahitaji utumbo mrefu. Chura hula wadudu, na utumbo huo utafupika sana.

Miguu ya nyuma hutangulia, na kwa muda mrefu hakuna kingine kikubwa kinachoonekana kwa nje. Miguu ya mbele huumbika chini ya ngozi, pale matamvua yalipojificha, hivyo kinachoanza kuonekana ni viwiko vikisukuma ngozi kutoka ndani. Mara nyingi haitoki yote kwa pamoja: asubuhi mmoja uko nje, mwingine bado. Hapo ndipo mambo huharakishwa. Mdomo mdogo wa kukwangulia mwani unapotea na mdomo mpana unaumbika, mapafu yanashika kazi, na mnyama anaacha kula kabisa. Katika siku hizo mkia ndio akiba yake.

Ni nani anayeuamuru mkia ufe? Mwaka 1912 mtafiti J. F. Gudernatsch alieleza jinsi alivyowalisha viluwiluwi tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ya farasi. Waliacha kukua, wakageuka vyura mapema mno, wakiwa wadogo kupita kawaida. Baadaye ilieleweka kwamba homoni ya tezi hiyo, yaani kemikali inayopeleka ujumbe mwilini, ndiyo inayoanzisha mabadiliko yote. La ajabu ni kwamba homoni hiyohiyo huziambia seli za miguu zikue, na seli za mkia zijiue. Hata kipande cha mkia kilichokatwa na kuwekwa kwenye kimiminika chenye homoni hiyo hunywea chenyewe, bila mwili wowote.

Muda wa safari nzima hutofautiana mno. Kuna chura wa jangwani wanaomaliza kwa takriban wiki mbili au chini ya hapo kabla dimbwi halijakauka, ilhali viluwiluwi wa chura mkubwa wa Marekani aitwaye kwa Kiingereza bullfrog wanaweza kukaa majini miaka miwili. Na huko Amerika Kusini yupo chura aitwaye Pseudis paradoxa, ambaye kiluwiluwi wake hufikia zaidi ya sentimita 20, mkia ukichukua sehemu kubwa, ilhali chura mzima ana kama sentimita 7 tu. Mtoto anayehesabu miraba atauelewa mfano huo mara moja.

Mguu wa kwanza wa mbele ukitokeza, punguza maji na weka jiwe lenye mteremko linalochomoza juu, kwa sababu mwenye mapafu asiye na pa kupanda huzama. Funika beseni kwa wavu. Usingoje mkia uishe kabisa ndipo uwarudishe. Ukibaki kipisi inatosha, maana akiba ikimalizika watataka wadudu hai wadogo mno ambao ni vigumu kuwatafuta. Warudishwe kidimbwi kilekile walikotoka, si kingine, kwa kuwa ukungu wa ngozi unaoua chura duniani kote husafiri na maji na wanyama wanaohamishwa. Waache ukingoni penye majani, jioni au siku ya mawingu, jua lisije likawakausha.