Betri haizoeshwi njaa

Kila wiki mteja huweka betri yake juu ya meza yangu ya kazi hapa Tabata, Dar es Salaam, na kunieleza, tena kwa fahari, kwamba ameitunza kama yai: hajawahi kuichaji kabla haijaisha kabisa. Maelezo hayo huyatoa kama utetezi, ilhali kwangu ni ungamo, kwa sababu betri nyingi ninazoletewa zikiwa zimekufa kabla ya siku zake zimeuawa na tabia hiyohiyo. Nimelisema jambo hili mara nyingi kiasi kwamba vijana ninaowafundisha kazi hunimalizia sentensi, na sasa nimeona niliandike.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Chanika, mwenye betri ya maji ya volti 12, saizi ya N100, inayoendesha taa, feni na televisheni. Fundi aliyemfungia sola alimwagiza awashe kila kitu usiku mpaka inverta ilie na kujikata yenyewe, kisha paneli ziijaze betri mchana, ili betri "izoee". Aliufuata ushauri huo kwa miezi minane. Niliichaji betri yake usiku kucha na kutwa, nikafungua vifuniko sita na kupima kila seli kwa haidromita, kifaa kinachopima uzito wa tindikali ukilinganishwa na wa maji. Seli nne zilisoma 1.240, ambayo tayari ni pungufu, kwa kuwa betri ya aina hii iliyoshiba husoma karibu 1.270, mbili zilibaki 1.150, na nilipomulika ndani kwa tochi niliona ukoko mweupe kwenye kingo za sahani.

"Lakini fundi, si ndivyo betri inavyozoeshwa?" aliniuliza.

"Mama, betri haizoeshwi," nilimjibu, na nakiri kwamba sauti yangu haikuwa ya upole kama ilivyostahili kwa mtu wa umri wake.

Betri ya maji, yaani ya risasi na tindikali, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, haijabadilika sana katika kanuni zake. Inapotoa umeme, sahani zote mbili, chanya na hasi, hugeuka kidogo kidogo kuwa salfeti ya risasi, na tindikali hupungua ndani ya maji. Ndiyo maana haidromita hushuka. Salfeti hiyo ikiwa changa ina chembe ndogo ambazo chaji huziyeyusha kwa urahisi. Ikiachwa, hasa katika betri iliyokaa na njaa kwa saa nyingi kwenye joto kama letu, chembe hukua na kuwa ngumu, huziba sehemu ya sahani, na hakuna chaja ya kawaida itakayozirudisha zote. Tena seli sita zimefungwa kwa mfululizo na hazilingani nguvu: ile dhaifu hufika sifuri kwanza, na zile tano zilizobaki huendelea kuichaji kinyumenyume mpaka inverta ijikate. Kwa hiyo kila usiku wa "kuzoesha" ulikuwa usiku wa kuzipiga seli mbili zilizokuwa hoi tangu mwanzo. Isitoshe, N100 nyingi ninazoletewa ni betri za kuwashia magari, zenye sahani nyembamba zilizotengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, wala si kukamuliwa usiku kucha. Mwenye betri ya namna hiyo asiiruhusu ishuke chini ya volti 12.2, ikipimwa baada ya kutulia, na ahakikishe inashiba kabisa mara kwa mara.

Dhana hii ya kuikausha betri haikutoka hewani, na hapo ndipo ugumu wa kuing'oa ulipo. Betri za nikeli na kadimiamu, ambazo Mswidi Waldemar Jungner alizibuni mwaka 1899 na ambazo ziliendesha redio za upepo na simu za mkononi za mwanzo, zilikuwa na kasoro ya kweli: zikichajiwa tena na tena zikiwa zimetumika nusu tu, chembe za kadimiamu hukua, volti hushuka mapema, na mtumiaji huona kana kwamba betri imesahau nusu yake ya pili. Kuzimaliza kabisa mara mojamoja kuliwasaidia waliokuwa nazo. Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, kemia ilibadilika, lakini ushauri wa zamani ulibaki midomoni mwa wauzaji na ukapachikwa kwenye kila kitu kinachoitwa betri, hata ile ya risasi ambayo haikuwahi kuuhitaji.

Katika betri ya lithiamu, ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji, husafiri kati ya kathodi (upande wa chanya) na anodi (upande wa hasi) ya kinywe, yaani grafaiti, zikijipenyeza kati ya matabaka ya kinywe wakati wa kuchaji na kutoka wakati wa kutumia. Hakuna kinachosahaulika. Kinachotokea ni kuchoka: kila zinapoingia na kutoka, kinywe hutanuka na kusinyaa, na utando mwembamba ulio juu yake, ambao kwa kweli ndio unaoilinda betri, hupasuka mahali padogo na kujijenga upya kwa kula lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Mizunguko mifupi huutikisa utando huo kidogo. Mizunguko ya kutoka 100 hadi sifuri huutikisa sana. Ndiyo maana majaribio ya maabara huonyesha kwamba betri inayotumika kati ya asilimia 80 na 20 hutoa jumla kubwa zaidi ya umeme katika maisha yake kuliko inayokaushwa kila siku. Kuchaji mara mbili kutoka nusu si "mizunguko miwili", kama vijana wa bodaboda wanavyohesabu. Kwa hesabu ya umeme uliopita ni mmoja tu, na kwa uchakavu ni nafuu kuliko huo mmoja ukitumika wote.

Kibaya zaidi ni kuimaliza halafu kuiacha. Kijana mmoja aliegesha pikipiki yake ya umeme ikiwa imesoma sifuri, akasafiri msibani Mbeya, akakaa wiki sita. Sifuri ya kwenye kioo si sifuri ya kweli, kwa sababu mtengenezaji huacha akiba. Lakini saketi ya ulinzi iliyomo ndani huendelea kunyonya kidogo, na seli zenyewe hupoteza chaji, mpaka akiba iishe. Seli ikishuka mno, bati jembamba la shaba linalobeba kinywe huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti, kimiminika ambacho ioni hupitia, na siku utakapochaji, shaba hiyo hujipaka upya mahali pasipo pake na inaweza kuunganisha chanya na hasi. Chaja yake ilikataa kuanza. Aliniomba niilazimishe, nikakataa, na hakuondoka akiwa rafiki. Anayesafiri aache betri ya lithiamu karibu na nusu, kivulini.

Ipo punje ya ukweli ambayo wabishi hunirushia. Betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma, zinazotumika sana katika sola na kwenye baadhi ya pikipiki, hushikilia volti karibu ileile, kama 3.2 kwa seli, katika sehemu kubwa ya chaji yake, hivyo kipimo cha asilimia hupotea njia. Kuijaza mpaka 100 mara mojamoja hukirekebisha kipimo na kuipa saketi nafasi ya kusawazisha seli. Linalorekebishwa hapo ni hesabu na usawa wa seli. Betri haiongezewi uwezo, na wala haihitaji kukaushwa. Mimi huwaambia wateja hivi: ya risasi hupenda kushiba, ya lithiamu hupenda nusu tumbo, na hakuna inayopenda njaa.

Ndugu wa dhana hiyo ni agizo la kuchaji simu mpya kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha. Agizo hilo lina mantiki kwa betri ya gari iliyouzwa kavu, ambayo hutiwa tindikali dukani na kuhitaji chaji ya kwanza. Simu hukata chaji yenyewe inaposhiba, na saa zinazozidi hapo haziiongezei kitu.

Kuhusu tindikali nitasema kwa ufupi, japo nina hasira nayo. Betri ya maji inapopungua, kilichotoka ni maji, kwa kuvukizwa na kwa kupasuliwa na umeme kuwa hidrojeni na oksijeni, tindikali imebaki. Ukiongeza tindikali, unazidisha ukali wake na kuzila sahani. Tatizo ni kwamba Kariakoo chupa zote mbili, ya maji na ya tindikali, huweza kuitwa "maji ya betri", kwa hiyo mnunuzi hana budi kusoma lebo na kutaka maji yaliyokenekwa, tena asidanganyike na ya kisima, ambayo sehemu nyingi za mji huu yana chumvi.

Wazee wetu walianika mawe ya redio juani, na hawakukosea kabisa. Joto huharakisha mwendo wa ioni, na mapumziko huzipa kemikali muda wa kusambaa upya karibu na elektrodi, hivyo redio husikika tena kwa muda mfupi. Hata hivyo zinki iliyokwisha kulika hairudi, na kwa kuwa kopo la zinki ndilo ukuta wa jiwe hilo, ukilikamua mpaka tone la mwisho hutoboka na kumwaga uchafu unaokula springi za redio. Ambaye anachukua somo hilo na kuianika betri ya lithiamu anaiharibu moja kwa moja, maana joto pamoja na chaji iliyojaa ndiyo hali inayoukuza utando wa kinywe haraka kuliko zote. Simu juu ya dashibodi, mchana wa Februari, foleni ya Ubungo: ndiyo hali hiyo. Ama sakafu ya saruji inayodaiwa kunyonya chaji, plastiki ya betri za leo haipitishi kitu. Betri iliyokaa bila kuchajiwa hujimaliza yenyewe hata ikiwekwa juu ya godoro.

Pawabanki ya mAh 20,000 nayo haichaji simu ya mAh 5,000 mara nne, wala muuzaji si lazima awe mwizi. Hesabu ya 20,000 imefanywa kwa volti 3.7 za seli, lakini umeme hutoka kwa volti 5. Igawanye upya utapata 14,800, na ingawa simu huishusha volti hiyo tena, kila badiliko hupoteza sehemu ya umeme kama joto.

Wanafunzi huniuliza pia lini kinywe cha Mahenge au Ruangwa kitachotwa na kupakiwa kwenye betri. Hakichotwi hivyo. Vipande vyake bapa husagwa na kuviringishwa kuwa punje za duara ndogo kuliko vumbi la unga, sehemu kubwa ikipotea njiani, husafishwa kupita asilimia 99.9, kisha hupakwa kaboni. Thamani iko katika hatua hizo, na utafiti unaofaa kufanyika hapa kwetu uko hapohapo. Na wale wanaodhani betri ya lithiamu imejaa lithiamu wapige hesabu: katika kila gramu 100 za fosfati ya chuma na lithiamu, lithiamu ni gramu 4.4 tu.

La mwisho linahusu mafundi wenzangu wa simu. Betri iliyovimba imejaa gesi iliyotokana na kuvunjika kwa elektroliti, na baadhi yao huitoboa kwa sindano, huibana kwa kidole na kuirudisha kwenye simu. Sindano inaweza kukutanisha matabaka ya chanya na hasi papo hapo. Hata isipofanya hivyo, unyevu wa hewa ya pwani huingia, hukutana na chumvi ya elektroliti na kuzaa asidi ya floridi, ambayo huunguza ngozi na mapafu. Mimi huiweka betri ya namna hiyo kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje, chini ya bati, na mwenye simu nikimwambia hairudi ndani, hairudi.