Vitamini A ikizidi HUIKOJOI, tuelewane

Juzi dada mmoja wa mtaani kwetu kanionyesha kopo kanunua mtandaoni, kila kidonge IU 25,000 (IU ni kipimo cha vitamini) za vitamini A, anameza viwili kila siku ili ngozi ing'ae. Mtu mzima mwisho ni IU 10,000 kwa siku, yeye yuko mara tano! Namuuliza huogopi, ananijibu "si vitamini tu, ikizidi naikojoa".

Hii ndo dhana mbaya kuliko zote. Inayokojolewa ni vitamini C, ile inayeyuka kwenye maji. A inayeyuka kwenye mafuta, inaenda kukaa kwenye ini miezi na miezi, na haitoki mpaka ibadilishwe kwanza. Retinoli, yaani vitamini A yenyewe, inageuzwa retinali, hapo bado inaweza kurudi ilikotoka, alafu retinali inageuzwa asidi ya retinoiki na hapo hairudi tena. Asidi hii ndo inaamuru jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze, sasa mwili hauwezi kuiacha izurure tu, kuna vimeng'enya vinaitwa CYP26 vinaikatakata fasta ndo mabaki yanatoka kwa nyongo na mkojo.

Wengine wanasema basi tuzuie huo ukataji, vitamini ikae mwilini muda mrefu tufaidi. Jamani hapana. Dawa za kuzuia CYP26 zilishatengenezwa, liarozoli na talarozoli, zijaribiwe kwa magonjwa ya ngozi, na madhara yake yakafanana na ya mtu aliyezidisha vitamini A, midomo inakauka, ngozi inawasha. Kwa mimba ndo hatari zaidi, maana mtoto akiwa anaumbwa kuna sehemu asidi hii haitakiwi ifike kabisa, na panya waliotolewa CYP26A1 walifia tumboni wakiwa na kasoro za uti wa mgongo.

Na sio mambo ya maabara tu. Flukonazoli, hii hii ya fangasi, inapunguza kasi ya ukataji, kuna wagonjwa wa saratani ya damu waliokuwa wanatibiwa kwa asidi ya retinoiki wakaongezewa flukonazoli, wakapata kichwa kikali sababu presha ilipanda ndani ya fuvu. Kama uko kwenye vidonge vikali vya chunusi vya jamii ya vitamini A au vitamini A ya dozi kubwa, mwambie mfamasia kabla hajakupa dawa ya fangasi.

Eti pombe inaisafisha vitamini A iliyozidi? Pombe inamaliza akiba ya ini na hapohapo inafanya retinoli iliumize ini zaidi.

Karoti, mchicha na viazi lishe kuleni bila hofu, zina karotini, malighafi ya vitamini A, na mwili unageuza kiasi unachohitaji tu, ukizidisha sana viganja vinakuwa vya njano basi.

Na mama usimfiche mtoto siku ya matone ya vitamini A! Kile kidonge cha bluu nesi anachokata ncha kwa mkasi na kukamua mdomoni ni IU 100,000 kwa wa miezi 6 mpaka 11, chekundu ni 200,000 kwa wa mwaka 1 hadi 5, namba zinatisha ila ni mara moja kwa miezi sita, ini linatunza na kutumia kidogo kidogo. Yule dada anameza kila siku.

Nikamuuliza kama anapanga kushika mimba, akasema mwaka huu huu. Tukaondoka na kopo mkononi mpaka kliniki.