Python haikosei kujumlisha

Kuna picha ya skrini inayozunguka kwenye magrupu mwaka nenda mwaka rudi: mtu kaandika 0.1 + 0.2 kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, jibu likatoka 0.30000000000000004. Chini yake: "Lugha hii ni mbovu, usiitumie kwenye hesabu za pesa."

Ni kweli Python hutoa jibu hilo. Maelezo ndiyo yamepotoka.

Kompyuta huhifadhi namba za nukta kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa mtindo huo, sehemu moja ya kumi haiishi, kama vile sisi tunavyogawa 1 kwa 3 tukapata 0.333 isiyo na mwisho. Basi hukatwa mahali, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayojitokeza kwenye jibu. Lugha nyingine kama JavaScript na Java hutoa jibu lilelile. Jaribu pia 0.5 + 0.25: utapata 0.75 kamili, kwa kuwa nusu na robo huandikika bila kukatwa.

Mkanganyiko unatoka kwenye kuonyesha. PHP, lugha nyingine tena, ikiambiwa iandike jumla ya 0.1 + 0.2 huandika 0.3, kwa sababu inakadiria kabla ya kuonyesha. Iombe tarakimu 17 baada ya nukta uone. Waunda lugha walichagua njia iliyo nyepesi kwa prosesa, na kusema kweli si iliyo wazi kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Kwa pesa, hesabu kwa senti nzima au tumia moduli ya Python (kifurushi cha zana zake) iitwayo decimal, inayohesabu kwa tarakimu kumi kama sisi. Picha hiyo ikikufikia tena, usiisambaze.