Korosho zimelipwa: fungu la kumi unalihesabuje?

Malipo ya minada ya kwanza ya korosho yakiingia benki, Masasi inachangamka. Pikipiki mpya barabarani, mabati mapya vijijini, madeni ya dukani yanafutwa. Mimi ni mhazini wa kanisa, na msimu huu swali ni lile lile kila ibada ikiisha: "Mhazini, fungu la kumi natoa kabla ya gharama au baada?"

Tuchukue mama ameuza kilo 600 kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na makato yakishatoka anabaki na shilingi 2,000 kwa kilo. Hiyo ni 1,200,000. Palizi, vibarua wa kupulizia na kuokota, magunia na usafiri vimemla 400,000. Mkononi ana 800,000. Wapo watakaomwambia alete 120,000. Mimi humwambia 80,000. Paulo aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba "kwa kadiri ya kufanikiwa kwake" (1 Kor. 16:2), na ujira wa kibarua ni jasho la mwenzio, haujawa mafanikio yako. Ila pikipiki na sare za harusi si gharama za shamba, na nikisema hivyo wengine hununa.

Kwangu mimi, kumpenda Mungu kwa pesa kunaonekana kwenye foleni: nani analipwa kwanza? Hiyo elfu themanini itengwe siku pesa inapotoka benki. Ukiingoja mpaka mengine yaishe, utabaki na nauli.

Ada ya mtoto na dawa za mzazi msizile kwa jina la sadaka. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku baba na mama zao wakikosa msaada. Na anayekwenda kukopa ili asimame mbele kutaja ahadi kubwa, namvuta pembeni kabla sijaandika jina lake.

Halafu kuna mnada wetu wa mavuno, nje ya kanisa. Jogoo, mkungu wa ndizi, debe la makopa. Jogoo ananunuliwa 15,000, mnunuzi anamrudisha, ananadiwa tena, na tena, mpaka jogoo mwenyewe amechoka. Mwishowe anaishia kwa mchungaji. Naupenda mnada huu, watu wanatoa wakicheka, na Paulo anasema Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Kinachonikera ni vigelegele kwenda kwa mwenye noti nene tu, wakati bibi aliyeleta kikombe cha kunde hatajwi. Kwenye daftari langu kunde zina mstari wake, kama jogoo.

Mjane wa senti mbili (Marko 12:41–44) huhubiriwa sana tukiwa na ujenzi. Wachache huanzia mstari wa 40, ambapo Yesu anawalaumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Isomeni pamoja. Kanisa linalopokea senti za mjane lina deni kwake: sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili, wasaini, iende benki, na matumizi yasomwe kanisani kila mtu asikie. Sadaka ya simu iingie namba ya kanisa, si ya mtu binafsi, hata akiwa mzee wa kanisa mwenye heshima zake.

Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipoleta hapa Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, misheni iliendeshwa kwa michango ya Uingereza, na hali hiyo ilidumu miaka mingi. Leo paa likivuja ni korosho zetu zitakazoliziba. Kwa hiyo hesabu za wazi tunadaiana sisi kwa sisi.

Na ambaye ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, ulikausha maua yake, mwaka huu hana cha kuuza? Huyo hadaiwi. Kadi yake ya zaka siandiki deni, wala jina lake halisomwi. Akiuza ufuta mwezi wa sita tutaongea. Akikosa chakula kabla ya hapo aje kwa mchungaji, maana Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza zaka ya mwaka wa tatu iwalishe mgeni, yatima na mjane, na sisi kila msimu tunatenga fungu la kazi hiyo.