Je, wajua kwa nini fremu (picha moja moja za gemu) 300 kwa sekunde zina faida kwenye skrini inayoonyesha 60 tu?

Skrini ya 60 Hz hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, wala haiwezi kuongeza hata moja. Hata hivyo wachezaji wa mashindano ya gemu za kufyatua risasi, kama Counter-Strike 2 na Valorant, huzima vivuli, hupunguza ubora wa moshi na kuta, na wengine hushusha hata ukubwa wa picha, ili kompyuta itoe fremu 300, 400 au zaidi kwa sekunde. Mara nyingi idadi hiyo inaipita skrini kwa mbali. Fremu zinazozidi hutupwa, au huonekana kipande tu. Na bado kuzitengeneza kuna faida inayoweza kupimwa, hata kwa mwenye skrini ya kawaida kabisa.

Pingamizi linalosikika kila mara ni hili: jicho la binadamu halioni zaidi ya fremu 30 kwa sekunde. Wengine husema 24, wengine 60. Kauli hii imeenea sana, na inafaa kuichambua polepole kwa sababu ndiyo inayowazuia watu wengi kufika kwenye jibu lenyewe.

Namba 24 ilitoka kwenye sinema. Filamu zilipoanza kuwa na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, mwendo wa ukanda ulipaswa kuwa mmoja usiobadilika, wa kutosha kutoa sauti inayosikika vizuri, lakini usiomaliza ukanda wa gharama kubwa bila sababu. Fremu 24 ndiyo iliyoafikiwa. Hakuna aliyepima jicho likagota hapo. Waendesha mitambo walijua fika kwamba mwanga unaowaka mara 24 kwa sekunde unapepesa vibaya, na ndiyo maana projekta zilikuwa na kizibo cha mapanga mawili au matatu kilichoimulika kila fremu mara mbili au tatu. Mtazamaji alipata picha 24 tofauti, lakini mimweko 48 au 72.

Namba 60 nayo ina chembe ya ukweli. Taa inayopepesa hufika kasi fulani ambapo jicho huiona kama mwanga mmoja usiokatika, na katika hali nyingi za kawaida kasi hiyo iko karibu na hapo. Lakini kupepesa kwa taa ni jambo moja, na kitu kinachosogea ni jambo jingine. Jaribu sasa hivi: fungua ukurasa mweupe, kisha zungusha kielekezi cha kipanya kwa nguvu, ukikazia macho katikati ya duara. Huoni mstari laini. Unaona vielekezi vingi vimesimama mbalimbali, kana kwamba vimepigwa muhuri. Nafasi kati ya kimoja na kingine ndiyo mahali ambapo skrini haikuwa na picha ya kukuonyesha. Kwenye skrini ya 144 Hz nafasi hizo hupungua, kwenye 240 Hz hupungua zaidi, na hata hapo haziishi. Jicho lingekuwa limefungwa kwenye 60, skrini hizo tatu zingeonekana sawasawa.

Lakini tuseme mpingaji ana haki yote, kwamba jicho limegota kwenye 60 na skrini pia imegota kwenye 60. Faida ya fremu 300 ingebaki palepale, kwa sababu kinachobadilika ni umri wa picha unayoiona. Idadi ya picha inabaki ileile.

Fikiria mto wenye kivuko kimoja. Kinaondoka kila baada ya dakika 16, kiwe kimejaa au kitupu. Ng'ambo yuko mtu anayetaka habari za upande huu, na upande huu yuko karani anayetazama yanayotokea na kuyaandika kwenye barua. Kila safari, kivuko huchukua barua moja tu: ile iliyokamilika mwisho.

Karani wa kwanza huandika polepole, barua moja kwa dakika 16. Anatazama nje mara moja anapoanza, kisha anainama na kuandika alichokiona. Anapotua kalamu, habari yake tayari ina dakika 16. Kivuko kikiwa kimeng'oa nanga punde tu kabla hajamaliza, barua hiyo itangoja safari nyingine, na itaondoka na habari za karibu dakika 32 zilizopita. Karani wa pili humaliza barua kwa dakika tatu. Anatazama, anaandika, anaweka mezani, anatazama tena. Kati ya safari mbili ameandika barua tano, na nne kati ya hizo hazitasomwa kamwe. Ile inayosafiri ina habari za dakika tatu, au zikizidi sana sita. Kivuko hakijaongeza safari, na wa ng'ambo hapokei barua nyingi kuliko zamani. Anachopata ni habari za hivi punde.

Kivuko ni skrini, na karani ni prosesa pamoja na kadi ya grafiki. Kutupa jicho nje ni ule wakati ambapo gemu inasoma kipanya chako kimesogea kiasi gani na adui yuko wapi, kabla ya kuanza kuchora. Badala ya dakika weka milisekunde. Kompyuta inayotoa fremu 60 hutumia milisekunde 16.7 kwa kila moja, kwa hiyo kinachochorwa kwenye skrini kina umri wa kati ya milisekunde 16.7 na 33.3, wastani 25. Inayotoa fremu 300 hutumia 3.3, na picha ina umri wa kati ya 3.3 na 6.7, wastani 5. Ni nafuu ya milisekunde 20 bila kugusa skrini. Hesabu hii inachukulia kwamba mashine inafanya kazi muda wote wa fremu na kwamba V-Sync, mpangilio unaoilazimu fremu kuisubiri skrini, imezimwa. Gemu inayosoma kipanya kwa kuchelewa kidogo ndani ya fremu itatoa namba tofauti kiasi, ingawa mwelekeo ni uleule.

Milisekunde 20 ni kitu gani kwa mtu anayehitaji 200 hadi 250 kuitikia kitu alichokiona? Ukiangalia mwitikio peke yake, si nyingi. Uzito wake unaonekana mkono unapokuwa kwenye mwendo. Tuseme unamfuata adui anayekatiza mbele yako, na unageuka nyuzi 60 kwa sekunde, mwendo wa kawaida tu. Katika milisekunde 20 umegeuka nyuzi 1.2. Kichwa chenye upana wa sentimita 25 kikiwa mita 20 mbele yako huchukua nyuzi 0.7. Kwa hiyo picha iko nyuma ya mkono wako kwa zaidi ya upana wa kichwa unachokilenga, na gemu haihesabu ulichokiona. Inahesabu mahali alama yako ya kulengea ilipo unapobonyeza. Ubongo hujifunza kufidia pengo hilo, na hufidia vizuri pengo likiwa dogo na lisilobadilika.

Picha pia haifiki kwenye skrini kwa mkupuo. Skrini huchorwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kwenye 60 Hz kazi hiyo humaliza karibu milisekunde zote 16.7. Fremu mpya ikiwa tayari katikati ya uchoraji, mistari iliyobaki huchukuliwa kutoka fremu hiyo mpya. Kwa fremu 300, picha moja ya 60 Hz huwa imeungwa kwa vipande vitano hivi, kila cha chini kikiwa kichanga kuliko cha juu yake. Ukigeuka haraka utaona nguzo imekatika, sehemu ya juu huku na ya chini kule. Wengi hulichukia jambo hili, na V-Sync ilibuniwa ili kuliondoa. Lakini mikato hiyo ni alama kwamba habari mpya zinaingia hata kabla picha haijaisha kuchorwa. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika mada hii.

V-Sync hurudi kwa yule karani na kumwambia: usibadilishe barua kivuko kikiwa kinapakia, na ukishamaliza moja, ngoja. Picha inakuwa nzima, lakini fremu zinapanga foleni na umri unarudi juu, mara nyingi kuliko ulivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa gemu za ushindani ni kuizima. Njia ya kati ni skrini zinazoisubiri fremu badala ya fremu kuisubiri skrini, teknolojia iliyokuja na G-Sync ya NVIDIA mwaka 2013 na FreeSync ya AMD mwaka 2015. Huko fremu hufungiwa kidogo chini ya upeo wa skrini, picha haikatiki, na umri unabaki mdogo.

Kuna hali moja ambapo fremu nyingi huleta hasara. Kadi ya grafiki ikiwa imeelemewa kabisa, inafanya kazi kwa asilimia 99, prosesa huanza kuiandalia kazi mapema, na kazi hizo zinasubiri kwenye foleni. Kaunta ya fremu inaonyesha 160, lakini kila moja imekaa foleni kabla ya kuchorwa. Mchezaji akizifungia kwenye 140, foleni inaisha na kipanya kinakuwa chepesi mkononi, ingawa namba imeshuka. Anti-Lag ya AMD, iliyotoka 2019, na Reflex ya NVIDIA, iliyotoka 2020, zinafanya kazi hii zenyewe: zinamzuia karani asianze kuandika mapema kuliko inavyohitajika. Gemu ikikupa Reflex, iwashe. Na kama fremu zako zinaruka kutoka 300 hadi 90 kila moshi unapotua, ni afadhali kuzifungia mahali mashine inapoweza kukaa bila kuyumba.

Kipanya kinaingia kwenye hesabu hii kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Kipanya cha kawaida cha USB huripoti mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Kwenye fremu 300 maana yake ni kwamba fremu mbili au tatu mfululizo huchorwa kwa taarifa ileile ya mkono wako, kisha inayofuata inaruka kwa pamoja. Umemharakisha karani, lakini dirisha lake linafunguliwa kwa nadra. Ripoti 1000 kwa sekunde zinaondoa tatizo hilo karibu lote. Vipanya vya 4000 na 8000 vipo, ila vinaongeza kazi kwa prosesa, na kwenye mashine dhaifu vinaweza kula fremu ulizokuwa unazitafuta.

DPI haipimi usahihi wa mkono wako. Inasema tu kipanya kinahesabu hatua ngapi kwa kila inchi. DPI 400 na sensitiviti (kizidishi cha mwendo ndani ya gemu) 2, 800 na 1, au 1600 na 0.5, zote zinakugeuza kwa kiasi kilekile. Kwenye Counter-Strike kila hatua kwa sensitiviti 1 ni nyuzi 0.022, kwa hiyo DPI 800 inahitaji takriban sentimita 52 za meza kugeuka mzunguko mzima, na wachezaji wengi wa kulipwa wako jirani na hapo. DPI ya juu yenye sensitiviti iliyoshushwa ina faida ndogo ya muda: mkono unaosogea polepole, milimita 10 kwa sekunde, hutoa hatua yake ya kwanza baada ya milisekunde 6 hivi kwenye DPI 400, na chini ya 2 kwenye 1600. Ukipanda sana, baadhi ya sensa za vipanya huanza kulainisha mwendo ili kuficha mitikisiko, na faida hiyo inapotea. Kwenye Windows, ondoa tiki ya "Enhance pointer precision", maana hubadilisha umbali kulingana na kasi ya mkono. Au washa Raw Input ndani ya gemu, ambayo huiruka kabisa.

Faida ya fremu za ziada hupungua kadiri skrini na mashine zinavyokuwa za kasi. Kutoka fremu 60 hadi 300 unaokoa milisekunde 20. Kutoka 144 hadi 300 unaokoa kama 5 tu. Milisekunde tano ni ndogo kuliko tofauti ya kawaida kati ya mwitikio wako wa sasa na wa dakika moja baadaye, kwa hiyo anayedai ilimshindisha pambano moja anadai asichoweza kukithibitisha. Kwa mapambano mengi kati ya watu wenye uwezo sawa, hesabu ni nyingine.

Kabla ya kununua chochote, fungua mipangilio ya skrini kwenye Windows na uangalie namba ya Hz. Skrini ya 144 iliyoachwa kwenye 60 tangu siku ilipochomekwa ni kosa la kawaida sana. Kisha jipime. Simu nyingi zina video ya fremu 240 kwa sekunde. Iweke ione kidole na skrini pamoja, fyatua, halafu hesabu fremu kuanzia kitufe kinapozama hadi mwali wa bunduki unapoonekana. Kila fremu ya simu ni milisekunde 4.2. Rudia mara kadhaa uchukue wastani, maana risasi moja inaweza kuangukia mwanzo au mwisho wa zamu ya skrini, kisha washa V-Sync na uhesabu upya.