Ongezeni vyumba, msiongeze viti

Kila Februari, Sauti za Busara, tamasha letu la muziki hapa Zanzibar, ikimalizika na sisi mafundi mitambo tunakunja waya pale Ngome Kongwe, hakosi mtu wa kuja na swali lile lile: mbona uchekeshaji nao haupati tamasha lake la kila mwaka, jukwaa hili hili, spika hizi hizi? Najibu: tamasha lipate, jukwaa hili hapana. Watu hudhani nabania vifaa. Basi leo naeleza.

Mwimbaji akisimama Ngomeni, aliyekaa mita 50 nyuma anasikia raha tu. Kwa joto letu hili sauti husafiri kiasi cha mita 345 kwa sekunde, kwa hivyo inamfikia baada ya sehemu moja ya saba ya sekunde. Kwa muziki hilo si kitu. Lakini mchekeshaji nusu ya kazi yake ni kusikiliza. Anarusha neno, anangoja cheko, na cheko likianza kushuka ndipo anapopiga la pili. Wa mbele wameshacheka, wa nyuma ndiyo kwanza neno linawafika, na cheko lao nalo lina safari ya kurudi. Akiwangoja, wa mbele wamepoa. Asipowangoja, neno la pili linawapita wa nyuma wakiwa bado na la kwanza. Nikiwawekea spika za nyuma nawasaidia kusikia, lakini kicheko chao hakina spika. Na Ngomeni hakuna dari: kinapaa kwenda kuwaamsha kunguru.

Nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu. Mchekeshaji mmoja kutoka bara, mtu anayejaza kumbi kwao, alipandishwa jukwaani uwanja wa wazi hapa mjini. Dakika 20 zake zilipita kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Kesho yake wenyeji wake wakamkaribisha chumba cha juu cha nyumba moja ya Mji Mkongwe, watu kama 40, bila kipaza sauti. Maneno yale yale. Bibi mmoja aliomba mgeni anyamaze kidogo, mbavu zinamuuma.

Hiyo ilikuwa kazi ya chumba, si bahati. Nyumba zetu za mawe na chokaa zilifuata boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali. Ndiyo maana vyumba vingi vina upana wa mita tatu hivi, na urefu wowote aliotaka mwenye nyumba. Wenye hoteli hulalamika kitanda hakigeuki. Kwangu mimi kuta zikiwa karibu hivyo, kicheko cha mmoja kinamgonga mwenzake begani, naye anacheka hata kama neno hakulishika. Unene wa ukuta unazuia kelele za vespa. Kasoro ni mwangwi: chokaa tupu huvuma. Tandika mikeka, tundika kanga, jaza watu, mwangwi umekufa.

Waliofanikiwa kwingine walikua hivyo hivyo. Edinburgh, Scotland, mwaka 1947 vikundi vinane vya maigizo vilikwenda bila kualikwa kwenye tamasha kubwa la mji, vikajitafutia kumbi pembeni. Hizo pembeni ndizo zilizozaa tamasha la Fringe, ambalo leo uchekeshaji umelitawala. Melbourne, Australia, walianza tamasha lao la uchekeshaji 1987, likizinduliwa na wachekeshaji Barry Humphries na Peter Cook, na sasa kila Machi na Aprili lina mamia ya maonyesho, mengi kwenye vyumba ambavyo siku nyingine ni baa au ofisi. Tamasha la uchekeshaji la Montreal, Kanada, lililoanza 1983, ndilo lililokuwa na majina makubwa na televisheni, na bado Machi 2024 kampuni yake iliomba ulinzi dhidi ya wadai, tamasha la mwaka ule likafutwa. Sisemi majukwaa makubwa ndiyo yaliyoliangusha peke yake. Nasema chumba cha watu 40 kikikosa watu, hasara yake ni soda.

Halafu kuna lugha. Mgeni wa Norway atacheza ngoma asiyoijua neno hata moja, na dola zake zitalipia jenereta. Kijembe cha Kiunguja kwa Mpemba hatakicheka. Kwa hivyo tamasha la uchekeshaji litalipiwa na watu wa Darajani na Kwahani, kwa kiingilio chao, na bajeti ianzie hapo. Tarehe nazo zisigandishwe: Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, itakukuta tu. Na onyesho lianze baada ya Isha, maana hakuna mchekeshaji anayeshindana na adhana akashinda.

Wachekeshaji wenyewe watatoka wapi? Kila baraza lina mmoja. Shida ni kwamba yule wa barazani utangulizi wake umeshafanywa na miaka 20 ya kujuana. Akitaja tu jina la jirani, watu chini. Mpe dakika tano mbele ya wageni, ameisha katika ya pili. Melbourne wana shindano la wasiojulikana tangu 1996, linaitwa RAW Comedy, na kila anayeingia hupewa dakika tano tu. Hicho ndicho ningekiiga kabla ya kitu chochote, tena kila mwezi, ili tamasha likifika watu wawe wameshaaibika vya kutosha.

Nimeshapima vyumba vinne, Shangani hadi Malindi: naingia, napiga kofi moja, nasikiliza. Kimoja kina mwangwi hata kanga hazitakiweza. Viwili vizuri, ila ngazi zake zinataka taa. Cha nne ndicho bora kuliko vyote, lakini mwenyewe anafuga kuku humo, na anasema hawezi kuniahidi kitu mpaka Iddi ipite.